Samli Yenye Harufu ya Bahari

Kitendawili.

Usitazame nyuma kana kwamba namwita mwingine, nakutegea wewe. Sema "tega." Haya: anaumia hasemi, mafuta yake yanasema. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Basi usione haya. Mwanahamisi wa Malindi, ile ya milima ya Usambara, siyo ya pwani, naye kilimshinda, na yeye ameshika mafuta tangu akiwa mwali. Mji wangu nitaudai baadaye. Sikiliza kwanza.

Siku hiyo alikuwa amechuchumaa jikoni, kibuyu mapajani, anasukasuka maziwa. Alikuwa amefika pale ambapo mikono husikia kabla ya masikio. Maziwa yaliyokuwa yakilialia ndani ya kibuyu kama mtoto mwenye usingizi yalianza kuwa mazito, yakagonga, tup, tup. Siagi inashikana. Hapo huachi, hata nyumba ikishika moto huachi, kwa sababu ukiacha inarudi kulala na kesho utaanza upya. Ndiyo maana mlango ulipoingia giza hakugeuza shingo.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, mikono inaendelea. Kisha sauti ile ikamfikia vizuri. "Zakia? Ingia, mwanangu, unanizibia mwanga."

Zakia aliingia na ukungu wa Julai umemganda kwenye kitambaa cha kichwa. Kichwani alikuwa amebeba kasha jeupe la plastiki, lile ambalo wauza samaki wa Tanga huwekea barafu. Alilitua chini taratibu kama mtu anayetua mtoto mchanga, na kabla hajakaa akauliza, "Mama, ile friji ya mafuta ya taa ya zahanati ya Mlalo bado inafanya kazi?"

"Mtu anatoka pwani kupanda milima yote hii, pole ya safari hajapokea, anaulizia friji."

"Samahani, mama. Nimeshapoa. Inafanya kazi?"

"Chanjo wanachoma kila mwezi. Nadhani inafanya."

Zakia akashusha pumzi. Sasa akakaa, akavua viatu, akamweleza. Tanga umeme ulikuwa wa mgao mwaka ule. Unakuja saa za kulala, unaondoka watu wakiamka, na siku nyingine hauji kabisa. Friji ya mradi wao wa utafiti wa bahari ilikuwa imegeuka kabati la nguo. Barafu nayo wauzaji walikuwa wamekwisha kuwauzia wenye samaki. Na zamu yake kwenye mashine ya kupimia ilikuwa bado siku nne. Basi akawaza: nyumbani kwetu baridi ni ya bure, na friji ya zahanati inawaka kwa utambi, haijui mgao.

"Sasa humo mna nini, nyama?"

"Matumbawe."

"Mawe?"

"Siyo mawe, mama. Ni wanyama. Nimewasaga."

Mwanahamisi alimtazama mwanawe usoni akitafuta kicheko. Hakukiona. Akarudi kwenye kibuyu chake.

Ndani ya kasha barafu ilikuwa imebaki kama sabuni ya kumalizia. Katikati yake zilisimama chupa nne za kioo, fupi, zenye vifuniko vya bati, na ndani kitu kama uji wa ulezi uliotiwa majani. Jioni ilikuwa imeshaingia na gari la Mlalo lilikuwa limepita. Zakia alizunguka nyumba akitafuta mahali pa baridi kuliko pote, na mahali penyewe mama yake alipajua bila kuuliza. Nyuma ya migomba ulipita mfereji unaoshuka kutoka msituni, maji yake yanauma vidole. Pale alikuwa amelizamisha debe lenye matundu, akilipachika kati ya mawe. Kila jioni alilaza humo chupa za maziwa zikisubiri gari la asubuhi. Usiku ule matumbawe yalilala pamoja na maziwa.

Alfajiri Zakia alidandia gari la kabichi kwenda Mlalo. Chupa aliziacha. Hakutaka kuzitoa kwenye ubaridi, azitingishe njia nzima, akafike aambiwe friji ni ya chanjo peke yake.

"Nitarudi mchana na jibu. Usiache ziharibike, mama."

"Unamwambia nani?" alisema Mwanahamisi.

Na kweli, alikuwa anamwambia nani? Maisha yote ya mwanamke huyu yalikuwa vita na kuharibika. Mumewe alipofariki alimwachia ng'ombe mmoja na kitoto cha darasa la pili. Akawa anakata majani ya guatemala, chakula cha ng'ombe, kwenye matuta, anayapandisha mlima kichwani, anakamua, anauza maziwa. Yasiyouzwa anasuka siagi, na siagi anapika samli. Samli ndiyo iliyomsomesha Zakia. Na samli, ndugu yangu, ni mmbea: inabeba habari za kila mahali ilipopita. Ukiipika kwa kuni mbichi itasema moshi. Ukiacha maji kidogo ndani yake itageuka, na mnunuzi atakunja pua kabla hujafungua mdomo. Mwanahamisi alikuwa na kanuni moja, kapewa na mama mkwe wake: kinachotaka kugeuka hakisubiri ushauri. Moto kwanza, baridi baadaye. Maziwa yakitoa harufu kwenye debe, unayachemsha na chupa yake ndani ya sufuria ya maji, unayarudisha mferejini, na siku umeiokoa.

Jua lilipopenya ukungu alikwenda kuchungulia debe. Maziwa yalikuwa yameshaondoka na gari. Chupa nne zilikuwa zimesimama, maji yanazizunguka. Aliinama. Harufu ikampanda puani.

Haikuwa harufu ya mzoga. Ilikuwa kali, mbichi, kama majani yaliyokatwa sasa hivi yakachanganywa na dagaa. Alinusa chupa moja moja. Mbili vifuniko vyake vilikuwa vimelegea, pengine kwa mtikisiko wa safari, na ndizo zilizokuwa zinanuka. Mbili zilikuwa zimekaza, hazisemi kitu.

"Kuna nini huko, shoga?" Jenoveva, jirani yake, alikuwa upande wa pili wa mfereji na kapu la maharage. "Nasikia mwanao kaja na mawe. Mawe yamekwisha Malindi?"

"Siyo mawe, ni wanyama."

"Wanyama?" Jenoveva alivuka mfereji kwa hatua moja, akanusa, akarudisha kichwa. "Basi wanyama wako wameanza safari. Leo harufu, kesho funza. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mlalo."

"Atakuta msiba." Akajitwika kapu lake, akaenda zake akicheka.

Mwanahamisi alisimama na zile chupa mbili, moja kila mkono. Hakufikiri sana, na kwa nini afikiri? Mikono iliyookoa maziwa ya mvua nyingi haiombi ruhusa. Alibandika sufuria yake kubwa, ile ya samli, akatia maji, akazisimamisha chupa mbili ndani, akachochea. Maji yalipotokota, kifuniko kimoja kiliruka. Povu la kahawia likamwagika sufuriani, akalizuia kwa kijiko. Alingoja hadi uji ule ukaganda kidogo kama maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Akanusa. Ule ukali ulikuwa umekwisha. Kilichobaki kilikuwa kama mchuzi wa samaki uliopoa, mpole, usiogombana na mtu.

Alifurahi. Alikaza vifuniko, akavifuta kwa pindo la khanga, akazirudisha mferejini kando ya wenzao. Wale wawili wengine aliwaacha. Asiye na homa hapewi dawa.

Kisha akasugua sufuria kwa jivu na jani la mgomba, akasuuza, akasuuza tena, akatia siagi ya wiki nzima. Gulio la Mlalo lilikuwa keshokutwa.

Samli ilikuwa inakaribia kutulia, inatoa mapovu madogo madogo ya mwisho, aliposikia pikipiki. Ilikuwa ya zahanati. Juu yake alikuwa Kristian, mganga wa pale, amevaa koti la mvua hadi magotini, na nyuma yake Zakia, amekumbatia kasha jeupe. Zakia aliruka kabla haijasimama sawasawa.

"Amekubali, mama! Ila anawahi wagonjwa, haturuhusiwi hata kukaa."

"Shikamoo, mama," Kristian alisema akiwa juu ya pikipiki. "Nisamehe, nimemwacha mama mjamzito kwenye benchi."

"Marahaba, mwanangu. Hata chai?"

Zakia alikuwa ameshafika mferejini, ameshazitoa chupa, anazipanga kwenye barafu aliyokuja nayo. Alirudi mbio, sketi imelowa. Alipopita mlangoni aliuliza begani, kama mtu anavyouliza kitu ambacho jibu lake analijua, "Hazikupata joto, mama?"

Mwanahamisi alifungua mdomo. Alikuwa na habari nzuri ya kusema. Lakini pikipiki ilinguruma, Zakia akapanda, mikono yao ikapunga, na swali likabaki limening'inia mlangoni pamoja na moshi.

Jioni Zakia alirudi kwa gari la abiria, mikono mitupu, uso umefunguka. Walikula makande. Mwanahamisi alikuwa ameiandaa hadithi yake tangu mchana: jinsi harufu ilivyoanza, Jenoveva alivyosema, na yeye alivyowahi. Alitaka kuisimulia baada ya chakula, polepole, aone mwanawe anavyoshangaa. Zakia akamtangulia.

"Mama, kitendawili."

Mwanahamisi alicheka. Tangu binti aende chuo hawakuwa wametegeana. "Tega."

"Anaumia hasemi, mafuta yake yanasema."

"Nyama ya kuchoma."

"Siyo. Nyama imeshakufa, haiumii."

"Mshumaa."

"Mshumaa nao hauumii."

"Umejuaje? Umewahi kuwa mshumaa?"

"Usinizungushe, mama. Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Mlalo. Na gulio lake, na Hashimu na duka lake."

"Nimekwenda Mlalo," Zakia alisema akijinyoosha kama sultani, "nimekalia kiti cha Hashimu, nimekula halua yake bila kulipa, na wewe nimekupita njiani unapanda mlima na furushi la majani, sijakupa hata pole. Jibu ni tumbawe."

Akasogea karibu na mafiga, akaeleza. Ilikuwa mara ya kwanza kueleza, kwa sababu kila alipokuja likizo mama aliuliza afya na chakula, na kazi hakuiuliza, akiogopa kuuliza kijinga. Tumbawe, alisema Zakia, ni mnyama mdogo aliyejijengea nyumba ya chokaa. Hana miguu ya kukimbilia wala sauti ya kulilia. Lakini mwilini ana mafuta, kama wewe na mimi. Wavuvi wa baruti wakimvunja, kuna vitu vidogo ndani yake, jicho halivioni, vinaitwa vimeng'enya. Kazi ya hivyo ni kuyakata mafuta yake, zile asidi zake ndefu, vipande vipande.

"Na vile vipande ndivyo vinavyonuka. Tunadhani ni ujumbe. Labda anawaonya wenzake, labda anamfukuza adui, labda anajitibu. Hakuna anayejua bado. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo, mama. Kupima vimeng'enya vinakata kwa kasi gani tumbawe likiumizwa."

Mwanahamisi alichokonoa moto. "Ile harufu," alisema, "kumbe siyo kuoza?"

"Siyo kuoza. Ikinuka, ujue vinafanya kazi. Ndiyo uhai wenyewe."

"Na isiponuka?"

"Labda kifuniko kimekaza tu. Au baridi imevilaza." Zakia alitabasamu. "Kitu kimoja tu hakina dawa. Moto. Vikipikwa, basi. Kama yai: ukishalichemsha, hata liatamiwe na kuku gani, halianguliwi."

Kuni ilipasuka mafigani. Mwanahamisi aliisukuma ndani kwa mkono wake, ingawa haikuwa inahitaji kusukumwa.

"Na zikiharibika?"

"Za kwanza ziliharibikia Tanga kwa sababu ya umeme. Mkubwa wetu hakufoka, alinitazama tu. Akasema hizi ndizo za mwisho. Nikimpelekea majibu yasiyoeleweka tena, nafasi yangu anapewa mwingine. Wanaoingoja ni wengi, mama. Siku hizi serikali haimpangii mtu kazi."

"Hata ikiharibika moja?"

"Moja nikiijua, naitoa, nafanya na zilizobaki. Ubaya ni kutoijua. Mfu akichanganyika na walio hai, majibu yote yanasema uongo. Hapo sina budi nimwage zote." Akapiga mwayo, akalaza kichwa kwenye bega la mama yake kama zamani. Nywele zake zilinukia moshi na chumvi. "Lakini hizi zimefika salama. Umenilindia vizuri."

Mwanahamisi akamfunika khanga, na hadithi aliyoiandaa hakuisimulia.

Kesho yake alijaribu. Walikata majani pamoja kwenye matuta, Zakia anaimba, panga lake limepoteza mazoea na linakata juu juu. "Mwanangu," alisema Mwanahamisi, na Zakia akageuka na uso ule uliofunguka, na yeye akasema, "kata chini zaidi, hayo ya juu hayana maziwa." Baadaye, wakati wa kukamua, alianza tena, akaishia kumwambia ng'ombe atulie. Jenoveva alikuja kuomba moto, akauliza kwa sauti kubwa, "Wale wanyama wamezikwa?" Zakia akacheka, "Wapo hospitali, mama, wamelazwa." Mwanahamisi akainuka kwenda kutazama kitu ambacho hakikuwepo nyuma ya nyumba.

Alimjua mwanawe. Zakia asingefoka. Angesema "haidhuru, mama," na kuanzia siku hiyo angekuwa anamweleza mambo kwa ufupi, kama watu wanavyomweleza mzee. Hicho ndicho alichokiogopa. Amekaa miaka yote bila kuijua kazi ya binti yake, ameambiwa jana, na tayari mikono yake imeingia humo na kuharibu.

Siku ya gulio walishuka Mlalo pamoja. Zakia alikwenda zahanati kuchukua mzigo wake, maana basi lilikuwa la mchana. Mwanahamisi akashika njia ya dukani, kopo la samli mkononi.

Zamani, miaka ya uhaba na foleni, Hashimu alikuwa akitoka nje ya duka kumpokea. Rafu zilikuwa na chumvi na viberiti, na mtu akileta samli anawekewa kiti. Sasa ilikuwa ruksa, kila mwenye fedha anaagiza atakacho. Rafu zile zile zilikuwa zimejaa makopo ya ng'ambo hadi darini, mafuta ya kila rangi, moja lina picha ya mtende, jingine la mama mzungu amebeba keki. Hashimu alibaki mtu mwema, lakini kiti hakikutolewa tena.

"Mama Zakia, karibu. Nasikia profesa kaja."

"Amekuja, anaondoka leo."

"Mungu amfikishe salama." Hashimu alifungua kopo, akachota kwa ncha ya kijiko, akasugua nyuma ya kiganja kama kawaida yake, akanusa. Akanusa tena. Nyusi zake zikapanda.

"Mama Zakia, hii samli imepanda mlima au imeshuka?"

"Kwa nini?"

"Ina bahari." Watu wawili waliokuwa wakichagua sabuni walicheka. Hashimu hakucheka, alimsogezea Mwanahamisi kopo lake polepole. "Nusa mwenyewe. Mtu anataka wali wa harusi, akisikia papa ndani yake atanirudishia na sinia. Unisamehe. Lete nyingine wiki ijayo."

Mwanahamisi alichovya kidole, akanusa. Ilikuwemo. Nyuma ya utamu wa samli, nyembamba, haiondoki. Jivu halikuitoa, wala maji, wala jani la mgomba. Yeye hakuisikia nyumbani kwa sababu tangu juzi puani mwake hapakuwa na harufu nyingine. Hakubembeleza bei. Alifunika kopo lake, akaaga, akatoka akiwa ameacha kile kidole chenye samli kimesimama peke yake, kinang'aa, kama mtu aliyesahau alitaka kuhesabu nini.

Zahanati iko juu ya duka, ngazi za mawe. Alisikia sauti kabla hajamaliza ngazi.

"Lakini nakwambia friji yangu haipati joto," Kristian alikuwa anasema. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia. "Ingepata joto, chanjo zingekuwa zimekufa. Naitazama asubuhi na jioni."

"Sikulaumu, kaka Kristian. Natazama tu. Hizi zimekatika. Ona, zimeganda kama maziwa mabovu."

Walikuwa barazani. Kasha jeupe lilikuwa wazi, barafu mpya ndani yake. Chupa nne zilikuwa zimepangwa juu ya ukuta mfupi, na jua la Mlalo, jua jembamba la kipupwe, lilikuwa linapita ndani yake. Zakia alikuwa amechuchumaa, macho sawa na vioo. Uso uliofunguka ulikuwa umefungwa.

"Labda utambi ulipanda ukazidisha joto," alisema.

"Utambi niliukata mwenyewe."

"Basi sijui. Na kama friji ilizidi, imezidi kwa zote. Hizi mbili zimeonyesha, zile mbili zitakuwa zimeficha tu." Alijipangusa paji la uso kwa mkono. Akaichukua chupa ya kwanza, akaanza kulegeza kifuniko. Chini ya baraza palikuwa na mtaro wa maji machafu. "Bora nimwage huku huku kuliko kubeba uongo hadi pwani."

Kristian alitazama viatu vyake. Alikuwa kijana anayehesabu chanjo zake kama mfugaji anavyohesabu vifaranga, na sasa alikuwa anajiuliza kimoyomoyo, unaweza kuliona hilo, kama kweli utambi aliukata.

"Acha," alisema Mwanahamisi.

Waligeuka wote wawili. "Shikamoo, mama," Kristian alisema. Safari hii hakuitikiwa. Zakia akaona kopo. "Hajanunua?"

Mama yake alipanda barazani. Alifungua kopo, akalisogeza chini ya pua ya binti yake, karibu kama unavyomsogezea mgonjwa dawa ya mvuke. Zakia alinusa kwa heshima tu, akijiandaa kusema ni nzuri. Alinusa mara ya pili, macho yamefumba. Harufu ile hakuna mtu mwingine mlimani kote ambaye angeijua kama yeye. Alipofumbua macho alimtazama mama yake, halafu chupa iliyokuwa mkononi mwake, halafu mama yake tena. Akaishusha chupa juu ya ukuta bila kuimwaga.

"Juzi nilikuuliza," alisema taratibu.

"Uliniuliza."

"Mama, hazikupata joto?"

Chini sokoni mtu alikuwa ananadi vitunguu. Kristian alirudi ndani, akajifanya ameitwa.

Mwanahamisi alipiga magoti kwenye saruji. Alizipitia kwa macho chupa nne, akanusa vifuniko kimoja baada ya kingine, asikosee. Kisha akanyoosha kile kidole chenye samli, akagusa kioo cha kwanza, akagusa na cha tatu. Aliposhusha mkono, alama mbili za mafuta zilibaki juu ya kioo, mviringo, jua linang'aa ndani yake.

"Zilipata, mwanangu," alisema. "Hii, na hii. Zile mbili sikuzigusa."